Je, Wajua? Wadudu Wawili wa Ilembo na Kioo cha Muuza Vitambaa

Ukikaa asubuhi kwenye benchi la zahanati hapa Ilembo, ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, hukosi kumwona mtu akitoka kupima damu na kumtangazia aliyemsindikiza: "Wamenikuta na wadudu wawili." Msindikizaji anashusha pumzi. Wawili tu! Yule mama wa pembeni ana watano, ndiye wa kupewa pole.

Je, wajua hao wawili ni wangapi hasa?

Mpimaji hakuhesabu wadudu wote waliomo mwilini. Ingemchukua maisha yake yote. Alichukua tone la damu, akalipaka zito juu ya kioo, akalitia rangi, kisha akahesabu vimelea vya malaria huku akihesabu pia chembe nyeupe za damu mpaka zikatimia 200. Katika safari hiyo akakutana na vimelea viwili. Desturi ya maabara ni kuchukulia kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Kwa hiyo viwili katika 200 ni sawa na 80 katika mikrolita. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na kila lita ni mikrolita milioni moja. Piga hesabu mwenyewe: vimelea milioni 400. Ndio hao "wawili".

Maabara nyingine huandika alama za kujumlisha badala ya tarakimu. Alama moja maana yake vimelea 1 hadi 10 katika maeneo 100 ya kutazama. Alama nne maana yake zaidi ya 10 katika kila eneo moja. Mtu akisema ana "malaria nne", basi huenda anazungumzia hizo alama, wala si idadi yoyote. Siku hizi zahanati nyingi hutumia kile kipimo cha haraka chenye mistari, ambacho hujibu ndiyo au hapana bila kuhesabu chochote. Lakini msemo wa wadudu wawili haujafa, na sioni dalili kwamba utakufa karibuni.

Je, wajua kwamba "darubini" ni jina lisilofaa kwa chombo hicho? Neno lilitufikia kutoka Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Darubini ni kionambali, chombo cha nahodha na cha mtazama nyota. Tukakipa jina hilohilo chombo cha kutazama kitu kilicho chini ya pua yako. Wanaleksika wakatuletea "hadubini" ili kutenganisha, na vitabu vya shule vikaipokea. Benchi la zahanati bado halijapata taarifa. Huko ni darubini, au maikroskopu.

Tusijicheke sana. Wazungu nao walifanya hivyohivyo. Chombo cha kuonea mbali ndicho kilichobatizwa kwanza, mwaka 1611, katika karamu ya chama cha wanazuoni cha Roma kilichojiita cha Lincei, yaani cha linksi, paka mwitu mwenye sifa ya macho makali, anayefanana kwa masikio na simbamangu wetu. Mwaka 1625 mwanachama wa chama hichohicho, daktari Giovanni Faber, akatunga microscopium kwa kuiga jina la kwanza. Na aliyeunda hadubini ya kwanza ni nani? Mara nyingi anatajwa Zacharias Janssen wa Middelburg, Uholanzi. Lakini shahidi wake mkuu ni mwanawe mwenyewe, aliyetoa habari hizo mwaka 1655, miaka mingi baada ya baba kufa. Mimi siupi ushahidi huo uzito mkubwa.

Sasa hili litawapendeza warina asali wa Inyonga na wa Mpanda. Je, wajua kwamba picha ya kwanza kuchapishwa ya kiumbe kilichotazamwa kwa hadubini ilikuwa ya nyuki? Ni mwaka huohuo, 1625. Francesco Stelluti, mwanachama mwingine wa Lincei, aliwachora nyuki watatu: mmoja kwa juu, mmoja kwa chini, mmoja kwa ubavu, na chini yao akapanga miguu, ulimi, mwiba na jicho lenye vinyweleo. Kwa nini nyuki na si chungu au panzi? Siasa. Papa wa wakati huo, Urban wa Nane, alitoka ukoo wa Barberini, ambao nembo yake ni nyuki watatu. Wanazuoni walikuwa wakitafuta kibali cha Papa, na zawadi ya nyuki wakubwa kuliko walivyowahi kuonwa ilikuwa njia nzuri ya kubisha hodi.

Nyuki hawakuachwa hapo. Kwa karne nyingi Ulaya iliamini kwamba mzinga unatawaliwa na mfalme. Jan Swammerdam wa Amsterdam, aliyekuwa na mikono mitulivu kuliko watu wote wa zama zake, alimpasua huyo "mfalme" chini ya lenzi, akakuta ovari zimejaa mayai. Mfalme alikuwa mama. Swammerdam alikufa mwaka 1680 kabla michoro yake mikubwa haijachapwa. Ilitoka mwaka 1737 na 1738, zaidi ya nusu karne baadaye.

Na bado tuko mzingani. Mwaka 1665 Robert Hooke wa London alitoa kitabu cha Micrographia. Alikata kipande chembamba cha gome la mti wa koki kwa kisu kikali kama wembe, akakitazama, akaona vishimo vimepangana. Alivifananisha na sega la asali, ila akaona havina mpangilio sawa kama wa nyuki. Akaviita cells, yaani vyumba vidogo. Neno hilo ndilo seli ya leo: seli ya damu, seli mundu, seli ya saratani. Hooke mwenyewe hakujua kwamba amekuta tofali la viumbe vyote. Aliona kuta tupu za mti mkavu, wenyewe walikwisha kuondoka zamani.

Kilichowashangaza wasomaji wake kilikuwa kiroboto. Hooke alimchora kwenye karatasi ya kukunjua yenye upana wa sentimita 46 hivi, mwenye magamba kama askari wa kale na miguu yenye miiba. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika katika shajara yake kwamba alikaa na kitabu hicho mpaka saa nane usiku. Hapa kwetu nduguye kiroboto hakuhitaji kukuzwa ili atambulike. Funza alitoka Amerika Kusini, akashuka Angola mwaka 1872 kwa meli ya Thomas Mitchell iliyotoka Brazil, akapanda miguu ya wapagazi, na katika miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kuvuka bara lote mpaka nchi za maziwa na pwani. Ramani yake ni ramani ya misafara.

Lakini mtu ninayempenda katika habari zote hizi ni muuza vitambaa.

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa Delft, Uholanzi, mwaka 1632. Hakusoma chuo kikuu, hakujua Kilatini, alikuwa na duka la majora. Wauza nguo wa mji ule walizoea kutumia kioo cha kukuza kuhesabu nyuzi za kitambaa, ili wasiuziwe kitu dhaifu kwa bei ya kitu imara. Kila mama anayesugua kanga kati ya vidole sokoni kabla ya kutoa hela ana tabia hiyohiyo. Leeuwenhoek aliuchukua mtazamo wa dukani akaupeleka mbali. Alitengeneza lenzi zake mwenyewe, ndogo kama punje ya mtama, akazibana kati ya mabamba mawili ya shaba au fedha, na nyuma yake akaweka sindano ya kuchomekea kitu. Chombo kizima kilitosha kiganjani. Ulikisogeza mpaka karibu na mboni ya jicho, ukaelekea kwenye mwanga. Alitengeneza lenzi zaidi ya 500, na mojawapo ya zilizobaki hukuza mara 266 hivi, zaidi ya hadubini za lenzi mbili za wakati wake zilivyoweza kukuza bila ukungu wa rangi.

Mwaka 1676 alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha ulimi. Pengine, alidhani, ina miiba midogo. Akailoweka pilipili majini ilainike, akaiacha siku kadhaa, kisha akatazama lile maji. Miiba hakuiona. Aliona viumbe wadogo mno, wakienda na kurudi, wengi kupita hesabu. Barua aliyoandika Oktoba mwaka huo kwa Jumuiya ya Kifalme ya London inahesabiwa leo kuwa taarifa ya kwanza ya mtu kuona bakteria. Tone la maji ya pilipili manga, kiungo cha Bahari ya Hindi, ndilo lililofungua mlango.

London hawakuamini, na ni haki yao. Hooke alipewa kazi ya kuthibitisha. Alihangaika, akashindwa, akarudia, na tarehe 15 Novemba 1677 akawaonyesha wanachama wale viumbe kwa macho yao wenyewe. Baada ya hapo Leeuwenhoek hakushikika. Mwaka 1683 aliandika kuhusu ukoga wa meno: aliukwangua wa kwake na wa mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha kinywa maisha yake yote, akakuta viumbe wengi kuliko watu wa nchi yake nzima. Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, alipopita Delft mwaka 1698, aliletewa samaki aitwaye mkunga atazame damu ikipita katika mkia wa samaki huyo. Leeuwenhoek aliiandikia Jumuiya ya Kifalme barua karibu 200, zote kwa Kiholanzi cha mtaani, hakuwahi kuandika kitabu, na namna yake bora ya kutazama alikataa kumwambia mtu. Akafa nayo mwaka 1723, akiwa na umri wa miaka 90.

Kwa kifupi tu, maana hili hukosewa mashuleni: William Harvey alieleza mwaka 1628 kwamba damu huzunguka, lakini hakuwahi kuona inapitia wapi kutoka mishipa inayoipeleka kwenda mishipa inayoirudisha. Njia hiyo aliiona Marcello Malpighi mwaka 1661, katika pafu la chura.

Kisha hadubini ikakaa kimya kwa zaidi ya miaka mia, au tuseme ilizungumza kwa kunong'ona. Tatizo lilikuwa kioo. Lenzi hupinda rangi za mwanga kwa viwango tofauti, na kila kitu kilionekana na ukingo wa upinde wa mvua. Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo wa London, alionyesha mwaka 1830 namna ya kupanga lenzi ili kosa la moja lifutwe na nyingine. Muuza vitambaa, sasa muuza mvinyo. Naanza kuamini kwamba dukani ndiko kunakofundisha kutazama. Kisha wakaja watatu wa mji wa Jena, Ujerumani: fundi Carl Zeiss aliyefungua karakana mwaka 1846, mwanafizikia Ernst Abbe aliyejiunga naye mwaka 1866, na baadaye mpika kioo Otto Schott. Abbe alionyesha kwamba tone la mafuta ya mwerezi kati ya lenzi na kioo cha sampuli huzuia mwanga usipotee hewani. Lile tone la mafuta unaloona mpimaji akilidondosha kabla ya kushusha lenzi ya mara 100 ni desturi iliyoanza Jena mwaka 1878.

Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Novemba 1880, malaria ilionekana. Haikuonekana Ulaya. Ilionekana Constantine, Algeria, bara hili hili, na daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, katika damu isiyotiwa rangi, kwa lenzi ya kawaida tu.

Na ile rangi ya zambarau inayochafua vidole na masinki ya kila maabara nchini? Je, wajua kwamba mwenye jina lake aliishi Tanzania? Gustav Giemsa alikuwa mfamasia wa Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu 1895 hadi 1898. Aliporudi kwao akafanya kazi Hamburg, na mwaka 1904 akatoa mchanganyiko wa bluu ya methilini, eosini na gliserini usioharibika upesi kama ule wa watangulizi wake. Kiini cha kimelea hutoka chekundu, mwili wake bluu. Mpimaji wa Mpanda anapoandika "Giemsa" kwenye chupa, anaandika jina la mfamasia aliyewahi kufanya kazi nchini humu.

Mwaka huohuo wa 1904 kampuni ya Zeiss ilimzawadia Robert Koch lenzi yake ya 10,000 ya kuzamishwa kwenye mafuta. Koch ndiye aliyeonyesha kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882. Alikuwa amekwisha kufika Dar es Salaam mara moja, mwaka 1897, na sasa alikuwa njiani kurudi. Safari hii alikuja kushughulika, pamoja na mengine, na papasi.

Kwa msomaji wa mjini asiyemjua: papasi ni kupe laini, asiye na gamba gumu, anayejificha mchana katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta, na kutoka usiku kunyonya aliyelala. Anaweza kukaa miaka bila kula. Watu wa njia ya misafara, kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, walijua kwamba kulala katika banda la wasafiri la zamani ni kujitakia homa: homa inayopanda siku chache, ikaisha, ukadhani umepona, ikarudi. Waliiita kwa jina la mwenyewe, homa ya papasi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, mdudu na homa yake waliviita kimputu. Jina lilikuwa limeshabeba chanzo cha ugonjwa kabla lenzi yoyote haijafika. David Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliandika habari za kupe wa aina hiyo na maumivu ya kuumwa naye. Wataalamu wa Ulaya walisoma wakageuza ukurasa.

Vijidudu vya homa ya kujirudia, vilivyojisokota kama parafujo, vilikuwa vimeonwa Berlin na Otto Obermeier mwaka 1868 katika damu ya wagonjwa. Swali lilikuwa vinaingiaje. Mwaka 1905 Koch alikwenda kwenye njia za misafara kuelekea Morogoro na Iringa, akawa akikusanya papasi kutoka sakafu za mabanda ya wapagazi na kuwapasua. Parafujo zilikuwamo, wala si tumboni tu: zilikuwa kwenye ovari za kupe, na ndani ya mayai. Maana yake kupe anayeanguliwa leo, asiyewahi kuonja damu ya mgonjwa, tayari ni hatari. Akaona pia kwamba wenyeji wa vijiji vyenye papasi wengi hawakuwa wakiugua ovyo kama wageni. Mwili ulikuwa umeuzoea ugonjwa tangu utotoni.

Wakati huohuo, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Mwingereza Joseph Dutton na Mkanada John Todd, wote wa chuo cha Liverpool, walikuwa wamefikia jibu hilohilo katika Kongo. Wote wawili waliugua. Dutton alifariki Februari 1905 huko Kasongo, Maniema, mji ambao kizazi kimoja nyuma ulikuwa kituo cha Tippu Tip. Kijidudu kimepewa jina lake, Borrelia duttonii. Ni heshima ya ajabu, kuitwa kwa jina lako kitu kilichokuua.

Dutton alikuwa ameacha alama nyingine pia. Mwaka 1902, Gambia, alikuwa ameeleza kimelea katika damu ya nahodha mmoja wa meli ya mto: kirefu, chenye utando unaopepea, kikijisukuma kati ya chembe za damu. Jamii hiyo ilikuwa na jina tangu 1843, tripanosoma, kutokana na neno la Kigiriki la kekee ya seremala, kwa jinsi kinavyojizungusha. Hapo ndipo tunapofika kwenye ugonjwa ambao Katavi haihitaji kuelezwa: malale, na mbung'o wake, ambaye wengi hapa humwita ndorobo.

Mwaka 1901 madaktari wa Mengo, Kampala, Albert Cook na nduguye Jack, walianza kuona wagonjwa waliolala mpaka kufa. Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria viliteketea. Kufikia 1906 waliokufa walikadiriwa kupita 200,000. Tume iliyotumwa kutoka London mwaka 1902 ilimleta kijana Mwitaliano, Aldo Castellani, akaketi Entebbe na hadubini yake. Akaona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Na, hapa panachekesha, hakuyapa maanani. Alikuwa amejiaminisha kwamba mhusika ni bakteria fulani. Alipofika David Bruce mwezi Machi 1903, Castellani akamsimulia alichokiona, Bruce akaruka kitini. Waligombea sifa ya ugunduzi huo magazetini kwa miaka.

Bruce alikuwa na sababu ya kuruka. Tangu 1894 alikuwa Uzulu akichunguza nagana ya ng'ombe, akakuta tripanosoma na mbung'o. Na hakuwa peke yake: mkewe, Mary Elizabeth, ndiye aliyeketi naye kwenye kibanda, akatia rangi sampuli, akahesabu, akachora michoro ya vimelea tunayoiona vitabuni. Kimelea kikaitwa brucei, na kila mtu akadhani ni Bruce mmoja. Mary alifariki Novemba 1931. Mumewe akamfuata siku nne baadaye, ibada ya mazishi ya mkewe ikiendelea.

Lakini kipande cha hadithi ya Uganda kinachonivutia hakihusu lenzi. Bruce alihitaji kujua kama mahali penye malale ndipo penye mbung'o. Nchi ilikuwa kubwa, hadubini yake moja. Akamwendea Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Kagwa akawaagiza machifu, nao wamisionari wakasaidia: kila mahali watu wakamate nzi wanaouma, wawatie bahasha, waandike pametoka wapi, na pia waseme kama kuna wagonjwa wa kulala. Bahasha zikamiminika Entebbe. Zilipopangwa kwenye ramani mbili, ya nzi na ya ugonjwa, ramani moja ikaifunika nyingine. Waganda walimwita mdudu huyo kivu na walijua anapokaa. Mikono iliyokamata nzi ilikuwa maelfu ya mikono ya wakulima na wavuvi. Vitabu vingi vinamtaja Bruce na kuishia hapo.

Je, wajua Bruce alikosea? Alidhani mbung'o ni kama sindano chafu: anauma mgonjwa, kisha anauma mzima, basi. Mjerumani Friedrich Kleine, aliyekuja na Koch mwaka 1906, alikuwa na kambi Kirugu, karibu na Ziwa Viktoria upande wetu. Alifanya jambo ambalo wenye haraka hawakulifanya: aliwaweka mbung'o hai na kuendelea kuwalisha. Siku chache za mwanzo hawakuambukiza. Siku zikapita, nao wasiwe na madhara. Baada ya siku 20 hivi, wakaanza kuambukiza, wakaendelea hivyo maisha yao yote. Kimelea kilikuwa kinabadilika na kukua ndani ya nzi, kwa kificho. Habari hiyo ilitoka mwaka 1909, na Bruce, kwa sifa yake, aliyarudia majaribio akakubali.

Malale ya pori letu ni tofauti na ile ya ufukweni Uganda. Mwaka 1910, Liverpool, J. W. W. Stephens na Harold Fantham walieleza kimelea kutoka kwa mgonjwa aliyeambukizwa bonde la Luangwa, Zambia ya leo, wakakiita rhodesiense. Miaka miwili baadaye Allan Kinghorn na Warrington Yorke wakaonyesha kwamba anayekibeba ni mbung'o wa miombo, Glossina morsitans, na kwamba wanyama wa porini ni ghala lake. Miombo na wanyama: hiyo ni Katavi nzima. Ndiyo maana mwongozaji hifadhini atakuonya usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o huifuata bluu iliyokolea, na mitego ya kitambaa hushonwa kwa rangi hizo mbili.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliamua kwamba dawa ya malale ni kuwakusanya watu. Kaya zilizotawanyika miomboni, magharibi ya Tanganyika, ikiwamo nchi ya Wakonongo, ziliamriwa kuhamia makazi makubwa yaliyofyekwa, watu wakaguliwe tezi za shingo na damu zao zitazamwe. Maisha ya wengi yaliokolewa. Mashamba ya zamani, makaburi na mizinga vikabaki nyuma, miombo ikarudi, tembo na nyati wakarudi nayo, na mbung'o wao. John Ford, aliyetumikia idara za mbung'o Afrika Mashariki miaka mingi, alitoa mwaka 1971 kitabu kinene akidai kwamba wenyeji walikuwa na namna zao za kuishi na mbung'o, kwa kulima, kuchoma nyasi kwa wakati wake na kuwinda, na kwamba sotoka ya miaka ya 1890 pamoja na misukosuko ya ukoloni ndiyo iliyovunja utaratibu huo. Namwamini Ford kuliko wengi waliomtangulia.

Limebaki moja, na ndilo lililoishinda hadubini. Chukua tone la damu ya nyati wa Katavi lenye tripanosoma. Tia Giemsa, dondosha mafuta, shusha lenzi ya 100. Kama ni brucei wa ng'ombe na wanyama tu, au rhodesiense anayemlaza binadamu, huwezi kujua. Kwa macho ni mapacha.

Je, rhodesiense akikaa muda mrefu kwa wanyama, husahau kumwambukiza mtu? Mwaka 1934, katika maabara ya Tinde, Shinyanga, watafiti walianza kujaribu. Kimelea kutoka kwa mgonjwa kilipitishwa kwa mbung'o, kikaingizwa kwa kondoo, kikarudi kwa mbung'o, kikaingia kwa kondoo mwingine, mwaka baada ya mwaka, kwa zaidi ya miaka 20. Kwa kuwa lenzi haikuweza kusema lolote, kila baada ya muda kipimo kilikuwa kimoja: mtu aliyekubali kuumwa na mbung'o. Kimelea hakikusahau. Alama ya kuwatenganisha wale mapacha ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo haikuonwa kwa jicho lolote. Ni jeni moja, wanaiita SRA.